Nusu kaputi kwenye kliniki ya urembo: uliza haya kabla ya kulipa

Je, ni salama kupewa nusu kaputi kwenye kliniki badala ya hospitali?
Inaweza kuwa salama, ikiwa mgonjwa ni mzima, upasuaji si mrefu na kliniki imejiandaa. Dawa ni zilezile za hospitali. Tofauti hujitokeza mambo yanapoharibika: hospitalini kuna ICU na madaktari wa kuitwa mara moja, kliniki ina waliomo chumbani tu.

Nani anilaze?
Mtaalamu wa usingizi ambaye muda wote huo hana kazi nyingine ila wewe. Daktari anayekupasua hawezi pia kulinda pumzi yako. Ukiambiwa "daktari atafanya vyote", ondoka.

Nitajuaje kama vifaa vinatosha?
Kipimo cha oksijeni cha kidoleni, presha na mapigo ya moyo ni lazima, lakini havitoshi. Ulizia kapnografu, mashine inayopima hewa ukaa unayotoa kila unapopumua. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni anaweza kuacha kupumua, na kipimo cha kidoleni kikaendelea kuonyesha oksijeni ya asilimia 98 kwa dakika kadhaa. Kwenye kapnografu mstari hulala papo hapo. Dakika hizo ndizo zinazookoa ubongo. Pawepo pia mashine ya kushtua moyo, oksijeni ya akiba na umeme wa akiba.

Kwa nini naulizwa kama kuna ndugu aliyepatwa na shida akiwa kwenye nusu kaputi?
Kuna hali adimu ya kurithi ambapo gesi za usingizi, au dawa ya kulegeza misuli iitwayo saksametoniamu, huufanya mwili upande joto kupita kiasi na misuli ikakakamaa. Tiba yake ni dantrolini. Mtu wa kilo 70 huhitaji takriban miligramu 175 kwa kuanzia, yaani karibu vichupa 9 vya miligramu 20. Kliniki inayotumia dawa hizo iwe navyo kabatini, si kuagiza wakati huo.

Vipi kuhusu kufyonza mafuta?
Hapa nawasihi msiwe na haraka. Kutoa zaidi ya lita 5 kwa mara moja ni kazi ya mahali penye uangalizi wa usiku kucha. Ganzi iliyomwagwa chini ya ngozi huendelea kuingia kwenye damu kwa saa nyingi, na damu iliyoganda mguuni inaweza kufika kwenye mapafu siku kadhaa baadaye. Ukikosa pumzi ghafla au kifua kikauma, nenda hospitali, usisubiri siku ya kliniki.

Nifunge kwa muda gani?
Kabla ya kulazwa, usile chakula chepesi kwa muda wa saa 6, chenye mafuta kwa saa 8, wala usinywe maji matupu kwa saa 2. Kama unachoma sindano za kupunguza uzito, kama semaglutaidi, sema mapema, kwani huchelewesha tumbo kumwaga chakula.

Nani asikubali kufanyiwa kliniki?
Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu usiodhibitiwa, unene uliopitiliza, au anayekoroma huku pumzi ikikatika usingizini.

Swali la mwisho la kuwauliza?
"Nikizidiwa, mnanipeleka hospitali gani, na kwa gari gani?" Jibu liwe jina la hospitali, bila kusitasita.