Je, wajua kwa nini SGR, ile treni ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, inakushusha Syokimau badala ya kukufikisha tao, katikati ya Nairobi?

Mtu akitoka Mombasa na SGR mara ya kwanza lazima aulize, mbona tumeshushwa huku na tiketi inasema Nairobi? Syokimau iko kule mpakani na Machakos, kufika tao ni zaidi ya kilomita 15.

Shida ni upana wa reli. Ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Nairobi 1899, chuma hadi chuma ni milimita 1,000, maana Waingereza walikuwa wanatoa vifaa na injini India ambako kipimo hicho kilikuwa kinatumika. SGR iliyofunguliwa 2017 ni milimita 1,435. Tofauti haifiki hata dhiraa moja lakini treni ya huku haiwezi kukanyaga kule, na stesheni ya tao ni ya ile reli nyembamba, basi unashuka, unabeba mizigo yako, unapanda treni ndogo.

Na hizo treni ndogo zina stori yake. Nyingi ni za dizeli zilizonunuliwa mitumba kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, zikaingia 2020, na watu walilalamika sana eti tunaletewa vyuma kuukuu. Sawa, lakini Ulaya nzima treni nyingi ni za reli pana, Mallorca wao wana milimita 1,000 kama sisi, ungezitoa wapi kwingine kwa haraka?

Halafu usichanganye, Syokimau kuna stesheni mbili. Ile ndogo Rais Kibaki aliifungua Novemba 2012, SGR hata haijaanza kujengwa, wazo likiwa uache gari pakingi, upande treni, uepuke jam ya Mombasa Road. Hiyo kubwa ya SGR ndiyo wanaita Nairobi Terminus.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Syokimau ni jina la nabii wa kike wa Wakamba, anayesimuliwa kuwa alitabiri nyoka mrefu atakayetoka baharini akitema moshi, kabla reli haijaonekana. Wamempa stesheni mbili!

Ukisafiri asubuhi panda treni ndogo mapema, maana pale Terminus mizigo inapangwa chini kwa mstari mbwa wa polisi wainuse kwanza, na SGR ikifika saa yake inaondoka, haikungoji.