Kuba ya turubai: ujanja wa Bruda Pozzo

Katika sakafu ya kanisa la Sant'Ignazio, Roma, kuna alama mbili za marumaru. Simama kwenye ile iliyo karibu zaidi na altare, kisha inua macho. Utaona kuba ndefu, nguzo zimeizunguka, mwanga unashuka kutoka juu. Sasa sogea mbele taratibu. Kuba inaanza kulala upande, na ukifika chini yake imepinda vibaya. Hakuna kuba. Ni turubai bapa, upana wake kama mita 17, iliyochorwa mwaka 1685 na Andrea Pozzo, bruda wa Kijesuiti.

Ujenzi wa kanisa ulianza 1626, ila kuba ya mawe haikujengwa kamwe. Wapo wanaosema fedha zilikwisha, wengine wanataja majirani walioogopa kunyimwa mwanga. Mimi kama msanifu majengo naamini sababu ni fedha. Ndizo huua michoro mingi.

Kazi ngumu zaidi, hata hivyo, ni dari ya ukumbi mkuu, aliyoimaliza 1694. Turubai ni bapa, lakini dari ile imejikunja kama nusu ya pipa. Mstari ulionyooka ukiuchora juu ya mkunjo, kwa mtu aliye chini unaonekana umepinda. Pozzo alichora kwanza miraba kwenye karatasi, akatandaza wavu wa kamba chini ya dari kwa miraba ileile, halafu akaihamishia darini kwa kufuata mstari unaotoka kwenye jicho la mtazamaji, ukapita kwenye kila fundo la wavu. Kwa hiyo juu kule mistari mingi imepindishwa makusudi, ili chini, kwenye ile alama nyingine, inyooke.

Wakosoaji walimlaumu kwa kutumia sehemu moja tu ya kutazamia, naye hakubadili kitu. Alikuwa sahihi: ukiweka sehemu tano, hakuna hata moja itakayodanganya vizuri.

Pembeni mwa dari yamekaa mabara manne. Afrika ni mwanamke aliyeketi juu ya mamba, mkononi ana pembe ya ndovu. Tulivyoonekana kutoka Ulaya, basi.

Siku hizi watalii hupanga foleni kwenye kioo kilichowekwa ili wasiumie shingo. Kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Mimi huumia shingo.