Kabla ya kukata kidole, tafuta mapigo

Mzee aliletwa kliniki ameshikiliwa na wanawe wawili, mmoja kila upande. Walikuwa wametoka Tandahimba alfajiri. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa cheusi, kimenyauka kama bibo lililosahauliwa juani. Nilipomwamkia tu, akanikatisha.

"Marahaba. Dokta, mwanangu, hiki kidole kikate leo leo nirudi shamba. Korosho zinaokotwa na wezi."

Wagonjwa wengi huku Mtwara wananikimbia kwa kuogopa kukatwa. Huyu alikuja kuomba kukatwa, na mimi ndiye niliyekataa.

"Babu, kwanza nikushike mguu."

Niliweka vidole viwili juu ya wayo, kwenye kale kabonde kati ya mfupa wa kidole gumba na wa jirani yake. Kimya. Nyuma ya kifundo, upande wa ndani, kimya. Nyuma ya goti, kimya. Nikapanda hadi kwenye kinena: hapo mshipa uliruka vizuri, dum, dum, dum. Kwa hiyo damu ilikuwa inafika kwenye kinena na kupotelea pajani. Kidole kilikuwa kimekufa kwa kiu, na kiu yenyewe ilikuwa imeanzia juu, karibu mita moja kutoka pale alipokuwa ananionyesha.

Kwa nini nisikikate tu? Kwa sababu kidonda cha kisu nacho kinataka damu ili kipone. Hili silisemi kwa kulisoma. Miaka ya mwanzo ya kazi, katika hospitali ambayo sitaitaja (haikuwa na kosa, mkono ulikuwa wangu), nilimkata kidole mama mmoja mwenye kisukari. Nilikata vizuri, nikasafisha, nikafunga. Wiki iliyofuata kidonda kilikuwa cha kijivu, kavu, hakitoi hata tone la damu nikikikwangua. Nikakata cha pili. Kisha nusu ya wayo. Kisha chini ya goti. Kila mara niliwaambia ndugu "tumetoa sehemu iliyooza", nao walinishukuru. Nilipokuja kulipitia faili lake nikakuta neno "mapigo yapo" limeandikwa siku ya kwanza na mwenzangu, na mimi nimelinakili siku ya pili, ya tatu na ya kumi. Hakuna aliyeushika ule mguu.

Turudi kwa mzee wetu. Nilimuuliza anatembeaje kwenda shamba. Akanihesabia kwa miti. Mwaka juzi alikuwa anatoka nyumbani hadi shambani moja kwa moja. Mwaka jana akawa anasimama mara moja, penye mwembe, kwa sababu shavu la mguu (vijana mnaita kigimbi) linambana kama limefungwa kamba. Akisimama dakika mbili tatu, linaachia. Mwaka huu amesimama mwembeni, kwenye mkorosho wa mpakani, na tena kabla ya kufika. Wanawe walisema ni uzee. Uzee hauachii ukisimama dakika mbili. Maumivu yanayokuja kwa kutembea na kuondoka kwa kusimama, tena kwenye umbali uleule, ni msuli unaodai damu ambayo mshipa uliopungua nafasi hauwezi kuipitisha.

Usiku je? Hapo mwanawe mkubwa akadakia: babu hulala kwenye kiti, mguu unaning'inia. Akiupandisha kitandani unawaka moto. Akiushusha, damu inateremka kwa uzito wake na maumivu yanapoa. Kwa kuning'inizwa kila usiku mguu ulikuwa umevimba, na mtaani kwao wakasema ni matende. Ukanda huu matende tunayafahamu, kwa hiyo siwalaumu. Lakini mguu wa matende una joto na mapigo yake yapo, ingawa unene wa ngozi unaweza kuyaficha. Huu ulikuwa wa baridi. Niliuinua juu nikatazama unyayo (kwetu sisi wenye ngozi nyeusi rangi huonekana unyayoni, usihangaike na juu ya mguu): ukawa mweupe kama chaki. Nikaushusha, taratibu ukaiva wekundu wa zambarau.

Kipimo chenyewe hakihitaji makubwa. Mashine ya presha na dopla ya mkononi, ile inayotoa sauti ya damu ikipita. Unapima presha ya mkono, unapima ya kifundo cha mguu, unagawanya. Mtu mzima mwenye mishipa mizuri hupata kama 1 au zaidi kidogo. Chini ya 0.9 pana kizuizi. Mzee alikuwa na 150 mkononi na 60 mguuni, yaani 0.4, na hapo mguu uko hatarini. Tahadhari kwa wenzangu: mgonjwa wa kisukari au wa figo anaweza kukupa 1.5 ukafurahi bure. Mishipa yake imejaa chokaa, haibinyiki, na namba inadanganya.

Si kila mwenye kizuizi anahitaji kisu, na wengi hawahitaji. Kama tatizo ni kubanwa tu ukitembea, dawa yake, ajabu kidogo, ni kutembea: tembea hadi ibane, simama, endelea, nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Ongeza aspirini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, sukari na presha zidhibitiwe. Na tumbaku iachwe, iwe ya paketi au ya kusokota. Mzee wangu alikuwa msokotaji, na hapo tulivutana kuliko kwenye habari ya kisu.

Lakini maumivu ya usiku na kidole cheusi ni hatua nyingine. Huyo anahitaji kurudishiwa damu. Njia moja ni kufungua mshipa na kukwangua utando ulioganda ndani. Nyingine ni puto: waya unapitishwa ndani ya mshipa na puto linapanua pale palipobana. Wazo la kupanua mshipa bila kuupasua lilianza mwaka 1964 kule Oregon, Marekani, ambako Charles Dotter alimtibu bibi wa miaka 82 aliyekataa katakata kukatwa mguu. Nikikutana na bibi mbishi wodini namkumbuka yule.

Njia ninayoipenda ni mchepuko. Wa barabara, si ule mwingine. Unachukua vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ndefu iliyo chini ya ngozi ya mguu, ile inayotoka kifundoni hadi kinenani, unaishona juu ya kizuizi na chini yake, damu inapita pembeni. Jean Kunlin alifanya hivyo Paris mwaka 1948. Sasa, vena ina vali ndani, vimilango vinavyoruhusu damu kupanda kuelekea moyoni tu. Ukiipachika ilivyo, vimilango vinajifunga na damu haishuki. Kwa hiyo unaitoa yote na kuipindua, kichwa chini miguu juu, ndipo unashona. Uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele. Ushonaji huu wa mishipa tumeurithi kwa Alexis Carrel, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, na mikono yake ilifundwa na mwanamke mtarizi wa Lyon. Mimi nimekulia kwa mama anayeshona kofia za mkono, na nasema bila aibu kwamba tundu zake zimelingana kuliko zangu.

Mzee alipelekwa Dar es Salaam, maana kazi hiyo huku kwetu bado mara nyingi huishia kwenye barua ya rufaa. Familia ilisubiri hela ya mnada wa korosho, siku kumi nilizozihesabu moja moja. Alishonewa mchepuko kutoka kinenani hadi chini ya goti. Kidole kilikatwa baada ya hapo, na safari hii kidonda kilitoa damu, nikafurahi kama mwendawazimu nilipopigiwa simu kuelezwa.

Kuna mguu mwingine ambao hausubiri mnada. Mtu anayeonekana mzima wa afya yake, mara nyingi mama kijana mwenye vali za moyo zilizoharibika, ghafla mguu unauma vibaya, unapauka, unakuwa wa baridi, kisha unakufa ganzi na vidole havichezi. Donge la damu limetoka kwenye moyo, limekwama mguuni. Hapo tunahesabu kama saa 6 kabla misuli haijaanza kufa. Dar iko zaidi ya kilomita 500, na hapo uombe mvua haijakata barabara Somanga. Lakini kulitoa donge hilo hakuhitaji hospitali ya ghorofa kumi. Ni katheta (mrija mwembamba) yenye kiputo nchani: unaipenyeza hadi ulivuke donge, unakijaza kiputo, unavuta, donge linatoka kama mnyoo. Thomas Fogarty aliyeibuni alitengeneza ya kwanza kwa kipande cha kidole cha glavu, akakifunga kwa mafundo aliyojifunza kwenye kuvua samaki. Wavuvi wa Mikindani wangemwelewa.

Mkiwa njiani na mgonjwa wa namna hiyo, msimkande kwa maji ya moto: mguu hausikii, utaungua. Msimsugue mafuta, msiuinue juu ya mto. Ufunikeni blanketi, ubaki umelala chini kidogo ya usawa wa moyo. Asile, huenda akaingia chumba cha upasuaji moja kwa moja. Na andikeni popote, hata kwenye kiganja, saa maumivu yalipoanza. Ndilo swali la kwanza nitakalowauliza mlangoni.