Mtoto kazaliwa na baka: maswali ya akina mama kliniki

Asubuhi za baridi hapa Mbeya watoto hufika kliniki wamefunikwa gubigubi. Blanketi likifunuliwa ili mtoto apimwe uzito, wapo akina mama wanaowahi kuweka kiganja mahali fulani, shavuni au mgongoni. Hapo huwa najua kuna baka. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Mama mkwe anasema nilimcheka mtu mwenye baka nikiwa mjamzito. Ni kweli?

Si kweli, na natamani jibu hili lifike hadi kwa mama mkwe. Ngozi ina seli zinazotengeneza rangi. Mimba ikiwa bado changa, seli hizo husafiri na kutandaa mwilini. Ikitokea hitilafu ndogo ya kijeni kwenye mojawapo, huzaliana na kurundikana mahali pamoja. Hilo ndilo baka jeusi au la kahawia unaloliona. Kwa kawaida hitilafu hiyo huanzia kwa mtoto mwenyewe tumboni. Hukuisababisha kwa kucheka, kwa chakula ulichotamani, wala kwa kulima ukiwa na mimba. Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na baka la aina hii, na mengi ni madogo.

Mwanangu ana weusi wa bluu kiunoni na matakoni. Jirani anasema dada wa kazi anampiga.

Tafadhali msimfukuze binti wa watu. Madoa hayo ni ya kawaida sana kwa watoto wa Kiafrika. Rangi imekaa chini zaidi ndani ya ngozi, ndiyo maana huonekana ya bluu au kijivu. Bonyeza taratibu: hayaumi wala hayajavimba. Alama ya kipigo hubadilika rangi na kupotea ndani ya siku au wiki chache, lakini haya hukaa miaka, kisha hufifia pole pole, mara nyingi kabla mtoto hajafika umri wa shule. Mwombe muuguzi ayaandike kwenye kadi ya kliniki tangu mtoto akiwa mchanga. Mstari huo mmoja unaweza kumwepusha mtu na kesi.

Baka jeusi litageuka saratani?

Kwa baka dogo, uwezekano ni mdogo sana, chini ya mtu 1 kati ya 100 kwa maisha yote. Baka kubwa, linalokadiriwa kuzidi sentimita 20 mtoto atakapokuwa mtu mzima, lina hatari zaidi, takriban 2 hadi 5 kati ya 100. Huyo aonwe na daktari wa ngozi mapema, hasa akiwa na madoa mengine mengi madogo mwilini, kwa sababu mara chache seli hizo hukaa pia kwenye ubongo.

Baka kukua pamoja na mtoto si tatizo, na nywele kuota juu yake ni kawaida. Zipunguze kwa mkasi. Nenda hospitali ukiona uvimbe mgumu ndani yake, kidonda kisichopona, damu, au sehemu moja inayobadilika haraka kuliko nyingine. Piga picha kila baada ya miezi michache, ukiweka sarafu ya shilingi 200 pembeni. Kumbukumbu ya macho hudanganya, lakini sarafu haibadiliki ukubwa.

Alizaliwa safi, wiki ya pili ikatokea alama nyekundu, sasa imevimba kama tunda.

Huo ni uvimbe wa mishipa ya damu. Hukua kwa kasi miezi ya mwanzo, kisha husinyaa wenyewe kwa miaka. Ukiwa karibu na jicho, mdomoni au puani, au ukichubuka, usisubiri. Ipo dawa, propranololi, ya moyo na presha tangu zamani. Mwaka 2008 madaktari wa Ufaransa walitangaza kuwa inausinyaza. Mtoto hupewa na daktari tu, kwa kipimo chake, maana huweza kushusha mapigo ya moyo na sukari ya damu.

Madoa ya rangi ya chai ya maziwa je?

Moja au mawili, mwacheni. Yakifika 6 au zaidi, kila moja likizidi milimita 5, mpelekeni kwa daktari.

Tumeambiwa tupake maji ya betri, au tulifunge uzi lianguke.

Hapana! Maji ya betri ni tindikali. Yanaunguza ngozi ya mtoto na kuacha kovu baya kuliko baka lenyewe. Nimeliona kovu la namna hiyo kwenye shavu la mtoto aliyekuja na bibi yake, na bibi alilia kuliko mjukuu. Uzi nao huleta kidonda na usaha. Kama baka linapaswa kuondolewa, huondolewa kwa upasuaji, na kipande hupelekwa maabara kuchunguzwa. Anzeni zahanati au kituo cha afya, muombe rufaa.

Mbeya kuna baridi. Jua linatuhusu nini?

Linatuhusu sana. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi ya jua inayodhuru ngozi, pamoja na baka, inavyozidi, hata Julai unapovaa sweta. Ukienda naye shamba saa sita mchana, mvalishe kofia pana na umfunike baka kwa kitenge chepesi.