Mpapai Dume na Mpapai Jike: Litazame Ua, Usiutazame Mche

Kila masika yanapokaribia kwisha, wakulima wa Pongwe na Muheza huniuliza swali lile lile: mche huu wa mpapai ni dume au jike? Nimetunza vitalu hapa Tanga kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba mche hausemi. Wako wanaochagua mbegu kwa rangi yake, wako wanaotazama umbo la mzizi. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimshauri mama mmoja jirani yangu ang'oe miche kwa kuangalia mizizi tu. Miwili aliyokataa kuing'oa ndiyo iliyomzalia mapapai, na hasara niliyomtia ninaijutia hadi leo. Tangu hapo siondoi mpapai ambao haujachanua.

Maua ya kwanza hutokeza kwapani mwa majani, kwa kawaida kati ya miezi mitano na minane tangu mbegu kusiwa. Dume hutambulika upesi, kwa sababu maua yake huja kwa wingi juu ya kikonyo kirefu chenye matawi, kinachoning'inia na ambacho huweza kupita nusu mita. Kila ua ni jembamba kama mrija, na ukilipasua utakuta stameni 10, yaani viungo vya kiume vyenye chavua (unga wa uzazi), zimezunguka koo lake, na katikati ovari (kifuko kinachokuwa tunda) iliyodumaa, nyembamba kama sindano.

Ua la jike ni nono, limekaa karibu na shina juu ya kikonyo kifupi, likiwa peke yake au pamoja na mengine machache. Petali zake 5, yaani majani ya ua, zimeachana karibu hadi kwenye kitako; ndani mna ovari ya mviringo yenye stigma 5 (ncha zinazopokea chavua) zilizochanikachanika juu yake, wala hamna stameni hata moja.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa maana upo mpapai wa tatu, wenye jinsia mbili, ambao ua lake nalo lina kikonyo kifupi na kwa mbali hudhaniwa kuwa jike. Chukua tumba moja lililokaribia kufunguka, ulipasue kwa wembe kutoka juu hadi chini. Ukiona petali zimeungana sehemu ya chini, ovari ni ndefu, na stameni zipo, huo ni wa jinsia mbili. Tunda lake huwa refu lenye nyama nene na uwazi mdogo, ilhali la jike huelekea kuwa mviringo wenye uwazi mkubwa. Aina ya Solo, inayopendwa sana sokoni, huvunwa hasa kutoka kwenye miti ya namna hii.

Mbegu za jike lililochavushwa na dume hutoa takriban nusu madume na nusu majike. Mbegu za mti wa jinsia mbili uliojichavusha hutoa, kwa wastani, miti miwili ya jinsia mbili kwa jike mmoja, bila dume. Kwa hiyo napanda miche mitatu kwa kila shimo, nasubiri maua, kisha naikata isiyotakiwa usawa wa ardhi ili nisiisumbue mizizi ya unaobaki.

Nasikitika kuona watu wakiupigilia dume msumari ili uzae. Ni kweli kwamba dume, na hata mti wa jinsia mbili, huweza kubadili maua yake kutokana na joto au kukatwa kilele, na ndiyo maana mara nyingine huonekana vipapai vikining'inia kwenye vikonyo virefu. Lakini jeraha la msumari hufungua njia ya kuoza. Jike ndiye asiyebadilika.

Shamba likiwa la majike, acha dume mmoja kwa kila majike 10 hivi. Magharibi inapoingia, nondo wakubwa huyafuata maua yake yenye harufu nzuri, kisha huyapitia ya majike wakiwa wamebeba chavua. Ukifyeka madume yote, na jirani naye asiwe nayo, maua mengi ya majike yatapukutika kabla ya kushika tunda.