Mtaala wa Fasihi kwa Watoto Wakubwa Wanaosomea Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli

Wazazi wengi wanaowasomesha watoto nyumbani huanza kufikiria kubadili mtaala pale wanapogundua kwamba mtoto wa miaka 12 au 14 anamaliza kila zoezi aliloagizwa na kupata alama nzuri, lakini muda si mrefu baadaye hana la kusema juu ya alichokisoma. Njia mojawapo inayowavutia ni mtaala wa fasihi, yaani unaojengwa juu ya vitabu vinavyosomeka: riwaya, wasifu, simulizi za safari, na vitabu vya historia na sayansi vilivyoandikwa na watu wanaoijua na kuipenda kazi yao, badala ya vitabu vya kiada vyenye aya fupi na maswali mwishoni. Vipindi huwa vifupi, majaribio hupungua, na mtoto husimulia kwa maneno yake mwenyewe. Kwa kuwa njia hii husifiwa kwa upole wake, imezungukwa na dhana zinazomfanya mzazi wa mtoto mkubwa ama aikimbilie kwa matumaini yasiyo na msingi, ama aikimbie kwa hofu isiyo na msingi vilevile.

Dhana: Upole maana yake ni kazi kidogo

Dhana hii imeenea kuliko zote, na huaminiwa na wanaoipenda njia hii sawasawa na wanaoipinga. Ukweli ni kwamba kinachopunguzwa ni msongamano wa mazoezi. Uzito wa kufikiri haupungui, na kwa mtoto mkubwa huongezeka. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyeishi kati ya mwaka 1842 na 1923, ambaye mawazo yake ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya mitaala ya aina hii, hakuwa mwalimu wa mchezo. Wanafunzi wake wa madarasa ya juu walisoma vitabu vizito vya historia na tamthilia za Shakespeare, na mwisho wa muhula waliandika mitihani kwa maneno yao bila kutengewa muda wa kudurusu.

Tuchukue somo moja tulitazame kwa karibu. Mtoto wa miaka 13 anasoma sura inayoeleza jinsi daktari John Snow alivyofuatilia mlipuko wa kipindupindu katika mtaa wa Broad Street, London, mwaka 1854, wakati ambapo madaktari wengi waliamini kuwa ugonjwa huo huenezwa na hewa chafu. Katika mtaala wa mazoezi, ataulizwa mwaka, jina la daktari na chanzo cha ugonjwa. Atarudi kwenye aya, atayapata majibu matatu, atayanakili na kufunga kitabu. Katika mtaala wa fasihi anafunga kitabu kwanza, kisha anaambiwa: eleza yote unayoyakumbuka. Hapo inambidi aamue mwenyewe aanzie wapi, kipi kilisababisha kipi, na kwa nini Snow aliishuku pampu ambayo wakazi wa mtaa huo walichota maji. Akisahau habari ya wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa karibu, mzazi hamkatizi. Anamngoja amalize, kisha anauliza swali moja tu: kwa nini watu wale hawakuugua ilhali walifanya kazi mtaa uleule? Mtoto akikumbuka kwamba walikuwa wakinywa bia, na kwamba kiwanda kilikuwa na kisima chake, tayari ameanza kupima ushahidi. Mtoto wa miaka 15 anaweza kusogezwa mbele zaidi, kwa kuwa mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba, wakati idadi ya wagonjwa ilikuwa imeshaanza kupungua. Je, kuondolewa kwake ndiko kulikoukomesha mlipuko? Swali hilo halijibiwi kwa kujaza nafasi iliyoachwa wazi.

Faida ya kusimulia haitegemei hisia za wazazi peke yake. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo walisoma vifungu vya habari, kisha baadhi yao wakavisoma tena na wengine wakaandika kila walichokikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, mambo yalikuwa yamegeuka, na walioandika kutoka kichwani ndio waliokuwa mbele. Washiriki hawakuwa watoto, lakini kazi waliyopewa inafanana sana na usimulizi, na inaeleza kwa nini kurudia ukurasa humpa mtoto, pamoja na mzazi wake, imani ya uongo kwamba somo limeingia.

Dhana: Mtoto mkubwa amechelewa

Hajachelewa, ila mwanzo wake utakuwa mgumu kuliko wa mdogo wake. Mtoto aliyezoea kuwinda majibu ndani ya aya huwa amejifunza kusoma kwa namna hiyo tu, na usimulizi wake wa kwanza unaweza kuwa sentensi moja: “Ilikuwa inahusu kipindupindu.” Mzazi asichukulie jibu hilo kama uvivu wala kama ushahidi kwamba njia imeshindwa. Apunguze kifungu hadi aya mbili tatu, amruhusu asimulie kwa mdomo kwa muda mrefu kabla ya kumtaka aandike, na yeye mwenyewe asimulie mara mojamoja ili mtoto asikie inavyofanywa. Maandishi yafuate baadaye, yakianza na masimulizi ya kawaida na kupanda hadi kwenye ulinganisho, hoja na uchambuzi. Kumtaka mtoto wa miaka 14 aandike insha ya uchambuzi katika mwezi wa kwanza, eti kwa sababu umri wake unaruhusu, ni kumrudisha kwenye uchovu uleule uliosababisha mabadiliko.

Sambamba na hiyo ipo imani kwamba mtoto anayejua kusoma hahitaji tena kusomewa. Kwa watoto wengi, uwezo wa kuelewa wanachokisikia hutangulia uwezo wa kuelewa wanachokisoma wenyewe hadi mwanzoni mwa ujana. Kitabu chenye sentensi ndefu na msamiati mpya, ambacho mtoto angekiacha katika ukurasa wa tatu, anaweza kukifuata vizuri akisomewa kwa sauti.

Dhana: Fasihi haiwezi kufundisha hisabati na sayansi

Kwa hisabati, dhana hii ina ukweli mwingi, na wauzaji wa mitaala wangefanya vyema kulikiri hilo waziwazi. Hisabati hujengwa hatua juu ya hatua. Asiyemudu hesabu za sehemu, kama nusu na robo, hatamudu aljebra, na hakuna wasifu wa mwanahisabati, hata uandikwe kwa ustadi gani, utakaoziba pengo hilo. Kitabu cha hisabati chenye mazoezi yaliyopangwa kibaki mahali pake, na kinachoweza kulegezwa ni urefu wa kipindi na idadi ya maswali ya aina moja.

Sayansi ni habari nyingine. Michael Faraday, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa karne ya 19, alisoma shule kidogo sana, na kuanzia mwaka 1805 alikuwa mwanagenzi kwa mjalidi wa vitabu London, akivisoma baadhi ya vitabu alivyokuwa akivijalidi. Maelezo ya kemia yaliyoandikwa na Jane Marcet katika mtindo wa mazungumzo yalimvutia kwa sababu yalimfanya atake kuhakiki mwenyewe alichokisoma, naye akafanya majaribio kwa vifaa vichache alivyoweza kuvinunua. Miaka mingi baadaye, katika majira ya baridi ya 1860 na 1861, alitoa mfululizo wa mihadhara sita kwa vijana juu ya mshumaa mmoja tu. Katika mhadhara wa kwanza aliuzima mshumaa, akausogeza mwali kwenye mvuke uliokuwa ukipanda kutoka kwenye utambi, na moto ukarukia utambi bila utambi huo kuguswa. Mtoto anayesoma maelezo hayo na kulirudia jaribio hilo mbele ya mtu mzima ataelewa kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta, jambo ambalo mchoro wenye mishale hulieleza bila kumshawishi mtu.

Lakini kusoma juu ya majaribio hakuchukui nafasi ya majaribio, na kitabu cha zamani cha sayansi, hata kiwe kitamu namna gani, husomwa pamoja na kipya ili mtoto asibebe maarifa yaliyokwisha kusahihishwa.

Dhana: Kitabu chochote chenye hadithi kinafaa, na cha zamani ndicho bora

Riwaya ya kihistoria si historia. Mwandishi ana ruhusa ya kubuni mazungumzo, kuunganisha watu wawili kuwa mmoja na kusogeza tarehe, na mtoto mkubwa anapaswa kuijua ruhusa hiyo, asome riwaya pamoja na barua, hotuba au hati za wakati huo, kisha aseme wapi mwandishi amebuni. Vitabu vya zamani, kwa upande wao, mara nyingi hubeba dharau dhidi ya watu wa mataifa mengine, hasa waliotawaliwa. Sioni sababu ya kuvificha vyote, kwa kuwa mtoto wa miaka 14 anaweza kujadili kwa nini mwandishi aliona alivyoona na nani hakupewa nafasi ya kusema. Kuviweka kwenye orodha bila neno, kwa kuwa tu vimeitwa bora, ni uzembe.

Tahajia na sarufi nazo haziji zenyewe kwa kila mtoto anayesoma sana. Imla fupi kutoka katika kitabu anachokisoma na kusahihisha kosa la aina moja kwa wakati hutosha kwa wengi.

Dhana: Bila alama na majaribio hakuna chuo kitakachompokea

Kinachohitajika ni kumbukumbu. Orodha ya vitabu vilivyosomwa na tarehe zake, sampuli za maandishi ya kila muhula, maelezo mafupi ya kila somo na matokeo ya mitihani rasmi ambayo mtoto ameifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, pale panaporuhusiwa, humweleza mtoto vizuri kuliko safu ya alama zilizotolewa na mzazi wake mwenyewe. Mzazi aisome kwanza sheria ya mahali anapoishi. Ujerumani, kwa mfano, huwalazimisha watoto kuhudhuria shule isipokuwa kwa nadra sana, ilhali Marekani huruhusu elimu ya nyumbani katika majimbo yote 50, na kila jimbo lina masharti yake.

Wala mabadiliko hayahitaji kufanyika katika masomo yote kwa siku moja. Historia na lugha ndizo rahisi kuanza nazo, sayansi ifuate, hisabati ibaki ilivyo. Mitihani rasmi ina mihtasari na mitindo yake ya maswali, na mtoto anahitaji muda wa kuizoea hata kama anayaelewa masomo kwa undani. Kwa hiyo, ikiwa mtihani uko chini ya mwaka mmoja mbele, masomo yanayotahiniwa yaachwe katika mtaala wa sasa hadi mtihani upite, na vitabu vya fasihi viingie kwanza katika usomaji wa jioni na katika masomo yasiyotahiniwa.