Amplifaya kwenye gari: yanayosemwa na ukweli wake

"Redio yangu imeandikwa 50W x 4, yaani wati 200, amplifaya ya nini?" Hii ndo inaongoza kwa kupotosha watu. Hiyo 50 ni kilele tu, inaguswa mara moja tena sauti ikiwa imeshaharibika. Hesabu iko wazi, redio inakula umeme wa gari, injini ikiwaka ni volti 14 hivi, na spika nyingi za gari zina ukinzani wa omu 4, sasa hapo kwa redio ya kawaida chaneli moja (njia ya kwenda spika moja) haiwezi kuzidi wati kama 25 za sauti safi, na redio nyingi zinaishia 15 mpaka 22. We tafuta namba ya RMS (wati inazoweza kutoa mfululizo), ile kubwa ya kwenye boksi ni ya kuuzia.

Ila usikimbilie dukani bado, maana kuna wa upande wa pili wanaosema bila amplifaya hamna mziki. Si kweli. Spika yenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90 kwa wati 1 ukiipa wati 16 inafika 102, na hiyo ni kelele ya maana mita moja tu kutoka ulipo. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, sikio linasikia kidogo sana, ili uone sauti imekuwa kama mara mbili unahitaji wati mara kumi hivi!! Kwa hiyo kutoka spika ya 87 kwenda ya 93 ni sawa na kuzidisha wati mara nne, bila kuvuta waya hata mmoja. Na spika ikiandikwa 300W haimaanishi inadai wati 300, huo ni mwisho wa uvumilivu wake (tena mara nyingi ni kilele hichohicho).

Eti wati kidogo zinaua spika? Wati kidogo zenyewe hazina shida. Shida ni ukikaza volyumu mpaka redio inazidiwa, mawimbi yanakatwa vichwa, joto linapanda kwenye koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ndo zinatangulia kufa.

Sabufa hapo hatubishani, inataka amplifaya, labda iwe ile ya chini ya siti yenye amplifaya yake ndani.

Jinsi ya kujua sasa: zima mambo yote ya kuongeza besi, weka wimbo unaoujua vizuri, sio faili limebanwa mpaka basi, pandisha volyumu taratibu huku gari inatembea na vioo vimefungwa. Sauti ya mwimbaji ikianza kukwaruza kabla hujafika unapopataka, amplifaya ya chaneli nne itakusaidia. Kama inafika vizuri ila besi haina nguvu, kwanza angalia kama chanya na hasi za spika moja hazijageuzwa, na mlango una matundu kiasi gani, mafundi wengi wanaruka hapo.

Na ukiweka amplifaya, geini (kile kitufe chake cha kuzungusha) sio volyumu, inapangwa kulingana na volti zinazotoka kwenye redio. Betri haitaisha usiku kama waya wa rimoti (unaotoka kwenye redio kuwasha amplifaya) umeungwa sawa, amplifaya inazimika na redio. Cha kuogopa ni waya mkubwa wa chanya, fyuzi yake ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu fyuzi hiyo inalinda waya usiwake moto ukigusa bodi ya gari, amplifaya nyingi zina fyuzi ya kwake.